Ukoko Kwanza, Ndimu Mwisho

Katika soko la Karatu, boga, karoti, nyanya na vitunguu vyekundu vya Mang'ola hupangwa karibu karibu, na anayevinunua vyote kwa ajili ya supu ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka: menya, katakata, tia sufuriani, mimina maji, chemsha mpaka vilainike, ponda, tia chumvi. Ya pili huanza na moto mkavu. Mboga zile zile hupakwa mafuta na kuokwa mpaka kingo zake ziwe za kahawia, ndipo maji yafuate, na ndimu pamoja na majani mabichi vije mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Mboga hazikubadilika, chumvi haikubadilika, lakini bakuli mbili zinazotokea hazifanani. Ya kwanza inakumbusha maji yaliyooshea mboga. Ya pili ina utamu, ina uzito, na inaacha kitu ulimini baada ya kijiko kutoka. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo haitokani na viungo vya gharama wala ufundi wa siri. Inatokana na mpangilio. Supu ya mboga huamuliwa kabla maji hayajaingia na baada ya moto kutoka, na kule kuchemka kwa katikati, ambako wengi wetu tunakuhesabu kuwa ndiko kupika kwenyewe, ndiko kwenye kazi ndogo kuliko zote.

Kata ya Qurus, wilayani Karatu, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, na sababu ni mwinuko. Eneo la Karatu liko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pwani, tuseme Tanga au Dar es Salaam, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za sentigredi; Karatu huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95, na ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 92 au 93. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya pwani, kwa hiyo mvuke hutoka mapema. Kila anayepika maharage katika nyanda hizi anayajua matokeo hata kama hajawahi kusikia habari za mgandamizo wa hewa: maharage yanayoiva upesi kwa ndugu wa Tanga huku yanakula kuni za ziada. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba moto mkali hausaidii. Maji yakishachemka, ukiongeza kuni hayazidi kupata joto. Yanazidi tu kuisha. Sufuria inayotokota Qurus imefungiwa kwenye nyuzi 95, iwe juu ya jiko la gesi au juu ya mafiga matatu.

Ladha tunazozifuata jikoni zinazaliwa juu zaidi ya hapo. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kinachotokea sukari na asidi za amino zinapokutana kwenye joto: zinashikana, zinavunjika, zinaungana tena, na kutoka humo hutokea rangi ya kahawia na mamia ya harufu ambazo hazikuwapo mwanzo. Jikoni mabadiliko hayo hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, na hayafiki huko penye majimaji, kwa sababu maji yakiwapo joto haliwezi kupanda kupita kiwango chake cha kuchemka. Ushahidi uko karibu sana na Qurus. Kwenye mashamba ya Oldeani inalimwa kahawa, na hakuna anayechemsha buni mbichi akitegemea kupata harufu ya kahawa. Buni lazima ikaangwe kwanza, maji baadaye. Mama aliyeacha wali ukashika chini ya sufuria, halafu akawaona watoto wakigombea ukoko na kuacha wali mweupe, ameona jambo lile lile alilolieleza Maillard. Wali ni ule ule. Kilichoongezeka kwenye ukoko ni kukauka na kupata rangi. Supu ninayoizungumzia ni njia ya kutengeneza ukoko kwa makusudi, kisha kuuyeyusha.

Kuoka kunafanya kazi ya pili ambayo kuchemsha hakuwezi, nayo ni kutoa maji. Nyanya ni maji kwa karibu asilimia 94, boga zaidi ya asilimia 90, karoti na kitunguu karibu asilimia 88 au 89. Chukua kilo mbili za mchanganyiko huo: gramu kama 1,800 ni maji, na kila kinachoitwa ladha, sukari, chumvichumvi na harufu kimo ndani ya gramu 200 zilizobaki. Anayechemsha anaanza na mboga iliyojaa maji halafu anaiongezea mengine. Anayeoka, akizitoa mboga zikiwa zimepungua mpaka kilo moja na nusu, amefukuza nusu lita ya maji yasiyokuwa na kazi, na sasa anaweza kuongeza maji kwa kipimo anachokitaka mwenyewe. Kwa nyanya jambo hili ni kubwa zaidi. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo alitenga kutoka kwenye mwani kitu kinachoitwa glutamati, akaonyesha kuwa ndicho kinachotoa ladha ile nzito inayotufanya tuseme mchuzi una nyama. Nyanya mbivu ina glutamati nyingi, hasa kwenye ule utelezi unaozunguka mbegu, na ndiyo maana kuzitupa mbegu za nyanya katika supu isiyo na mfupa ni kutupa mfupa wenyewe.

Twende kwenye kazi yenyewe, kwa watu sita. Boga la kilo moja lipasuliwe vipande vya ukubwa wa kiganja na liachwe na ganda lake, kwa sababu likishaokwa ganda huchubuka kwa kijiko. Karoti tatu zipasuliwe kwa urefu, vitunguu viwili vikubwa vikatwe robo, nyanya nne mbivu zikatwe nusu, kitunguu saumu kimoja kibaki kizima ndani ya maganda yake. Vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti vinatosha, vipakwe kwa mkono mpaka kila uso ung'ae. Kosa linaloharibu supu hii mara nyingi kuliko mengine hutokea hapa, nalo ni kurundika. Mboga zikilaliana, mvuke wa zile za chini unaziloweka za juu, na unachopata ni mboga zilizochemkia kwenye sinia. Kila kipande kiguse bati, na kati ya kipande na kipande paonekane bati. Kama sinia ni dogo, oka mara mbili. Kwenye oveni ni nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 45. Asiye na oveni afanye kama wanavyooka keki kwenye jiko la mkaa: sufuria nzito, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko, na mfuniko ufunuliwe mara mbili tatu ili mvuke utoke. Sikio ni kipimo kizuri hapa. Dakika za kwanza utasikia mlio wa majimaji, mzito na wa mfululizo; maji yakipungua mlio unakuwa mkavu na wa kukatika katika, na hapo ndipo rangi inapoanza kuingia. Geuza kipande kimoja cha boga. Kama upande wa chini umekuwa kahawia kama ganda la mkate na kingo zinanata, bado dakika chache. Kama ni njano iliyolainika tu, bado sana.

Mboga zikitoka, sinia haliendi kuoshwa. Huo mkwaruzo wa kahawia uliogandia chini ndio ukoko tuliokuwa tunautafuta. Mimina upawa mmoja wa maji ya moto juu yake, kwangua kwa mwiko wa mti mpaka bati lionekane, na maji hayo ya kahawia yaende sufuriani pamoja na mboga. Kitunguu saumu kiminywe kutoka upande wa mizizi: punje zinatoka laini kama siagi, na ule ukali unaochoma ulimi umekwisha. Ongeza maji ya moto kama lita moja, chemsha kwa dakika kumi, basi. Mboga zimekwisha kuiva. Kazi ya maji ni kusambaza ladha iliyokwisha kupatikana. Kusaga ni hiari. Blenda hutoa supu nyororo, mwiko na ukuta wa sufuria hutoa supu yenye vipande, na mimi naona ya vipande ni bora kwa sababu ulimi unakutana na ukoko pale ulipo badala ya kuusikia umetawanyika kila mahali.

Sasa ndimu. Katika Tanzania nzima hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba supu na ndimu ni ndugu. Supu ya mbuzi au ya ng'ombe ya asubuhi, pamoja na chapati zake, huletwa na kipande cha ndimu na pilipili pembeni ya kisahani, na mlaji hujikamulia mwenyewe. Watu huchukulia desturi hiyo kuwa ni heshima kwa mteja ili kila mmoja apime apendavyo. Ni heshima kweli, lakini pia ni kemia sahihi. Harufu ya ndimu imo kwenye mafuta mepesi yanayopaa haraka yakipata joto. Ndimu iliyokamuliwa kwenye sufuria inayotokota inabakisha ukali na kupoteza manukato, na jiko zima linanukia kile ambacho bakuli limekosa. Sababu ya pili iko kwenye mboga zenyewe. Asidi huimarisha kuta za mimea, kwa hiyo kitu kilichotiwa ndimu mapema hukataa kulainika. Wapishi wa maharage wanalijua hilo kwa upande wake wa pili: ukitaka maharage yaive upesi unatia magadi, yale ya maziwa ya chumvi kama Natron, ambayo ni kinyume cha asidi na huzilegeza kuta hizo. Magadi na ndimu ni ncha mbili za mizani moja. Anayetia ndimu mwanzoni anazivuta mboga upande wa ugumu huku akilipia mkaa wa kuzivuta upande wa ulaini.

Kwa sufuria hii, ndimu mbili zinatosha, sufuria ikiwa chini na mvuke umepoa kidogo. Ionje kabla na baada. Kabla ya ndimu, utamu wa boga na kitunguu unatawala mpaka unakaribia kuchosha. Baada yake, utamu unarudi nyuma na ladha ya moto inasogea mbele. Chumvi nayo ipimwe baada ya ndimu, kamwe si kabla, kwa sababu asidi huufanya ulimi uisikie chumvi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipande cha ndimu ni mojawapo ya njia chache za kupunguza chumvi bila mlaji kuona amenyang'anywa kitu. Ukipata chungwa la Muheza, usilikwepe kwa sababu ganda lake ni la kijani. Pasipo na usiku wa baridi, chungwa huiva ndani bila ganda kugeuka rangi. Lioshe, likwangue lile ganda la juu tu kwenye kikwaruzo, na usimame utakapoona weupe, kwa maana weupe huo ni uchungu mtupu. Nusu kijiko cha mkwaruzo wa ganda, ukitiwa pamoja na ndimu, unaleta harufu ambayo maji ya chungwa peke yake hayana.

Majani yanafuata kanuni ile ile ya saa, lakini hapa lazima tutofautishe, kwa sababu ushauri wa kutia majani yote mwishoni ni nusu ya ukweli. Jani gumu huhimili moto na jani laini hufa nao. Rozimari, inayostawi vizuri kwenye bustani za nyanda hizi za baridi, ina jani nene lenye mafuta yanayotoka polepole. Tawi moja liwekwe chini ya boga tangu mwanzo wa kuoka, na litolewe kabla ya maji, la sivyo supu itanukia dawa. Mchaichai unapendelea maji: pondaponda bua lake, litumbukize kwenye zile dakika kumi za kuchemka, kisha litoe. Ndani yake mna harufu ya jamii ya limau, kwa hiyo unaiandalia ndimu njia kabla haijafika. Giligilani, ambayo wa pwani huiita kotimiri, ni ya mwisho kabisa, ikatwe wakati bakuli zimeshapangwa. Ikichemshwa kwa dakika tano inabaki rangi ya majani na kumbukumbu ya harufu. Anayetaka zaidi atumie mashina yake, yakatwe madogo madogo, kwa kuwa yana harufu kama majani na hayafi upesi hivyo.

Kuna mapingamizi matatu mazito, na yote yanastahili jibu. La kwanza ni kwamba haya ni mapishi ya hoteli. Kati ya Karatu na lango la Lodoare zimetapakaa hoteli za watalii ambako chakula cha jioni hufunguliwa kwa bakuli la supu ya mboga, na ni rahisi kudhani kwamba supu ya namna hiyo ilishuka na magari ya safari. Lakini tazama mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara: moto mkavu mpaka punje zipate madoa ya kahawia, halafu kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili kinapitishwa juu yake yakiwa tayari mkononi mwa mlaji. Moto mkavu kwanza, ndimu mwisho. Muuza mahindi ana kanuni yote, alichokosa ni bakuli. Wanaolitetea jungu la kuchemsha hunitajia mchemsho, na kweli mchemsho wa samaki au wa kuku ni chakula kitamu kisichopata rangi ya kahawia hata chembe. Siupingi. Ila utamu wake unatoka kwenye mifupa na nyama, ambayo hutoa ladha yake hata kwenye maji ya nyuzi 95. Ondoa samaki, bakiza karoti na viazi na hoho katika maji yale yale, uone kilichobaki.

Pingamizi la pili ni nishati, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ifikapo 2034, na watu wa Karatu wana sababu yao ya kuutaka: vyanzo vyao vya maji vinategemea msitu ulio juu yao, kwenye nyanda za Ngorongoro. Kumwambia mtu aoke kwa mkaa dakika arobaini ili apate supu tamu ni kumwambia akate mti kwa ajili ya kijiko. Kwa hiyo nasema wazi kwamba njia ya makaa juu na chini nimeieleza kwa sababu ndiyo iliyopo katika nyumba nyingi, na mwenye gesi hana sababu ya kuitumia. Kikaango kizito kwenye moto wa wastani, bila mfuniko, mboga zikiwa zimekatwa vipande vyembamba na kupangwa safu moja, kinatoa ukoko kwa dakika 12 hadi 15 kwa kila awamu. Na mwenye mkaa anaweza kusubiri makaa yanayobaki baada ya ugali, ambayo kwa kawaida huachwa yageuke majivu. Boga halijali kama moto uliwashwa kwa ajili yake.

La tatu ni afya, na hapa wapingaji wana haki kwa kiasi. Vitamini C hupungua kwa joto, kwa kuoka na kwa kuchemsha vilevile, na ndimu inayotiwa baridi mwishoni inarudisha sehemu yake. Rangi ya njano ya boga na karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupatikana vizuri zaidi mboga ikiwa imeiva na ina mafuta kidogo, jambo ambalo supu ya kuchemsha bila mafuta haina. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamidi, kitu ambacho hatutaki kingi mwilini. Viazi ndivyo vinavyohusika zaidi, na ndiyo sababu sikuvitaja kwenye mboga zinazookwa. Anayevitaka avitie kwenye maji. Na rangi ikomee kahawia. Kipande kilichokuwa cheusi kikatwe kitupwe, kwani zaidi ya madhara, uchungu wa kipande kimoja kilichoungua unatosha kuenea sufuria nzima, na hapo hakuna ndimu itakayouficha.

Limebaki swali la kiporo, kwa sababu supu ya watu sita mara nyingi hubaki. Supu hii ikilala hainyauki kama supu ya kuchemsha. Ladha ya moto inazama zaidi na asubuhi inakuwa nzito kuliko jana. Kinachokufa usiku ni ndimu na giligilani, na ukipasha moto unamalizia kuviua. Kwa hiyo kabla ya kukamua ndimu, chota kwanza sehemu ya kesho, iweke pembeni ikiwa haina ndimu wala majani, na bakiza ndimu moja nzima juu ya kabati.